Ukiona chini ya kikombe, kunywa

Ukitoka Mombasa kwenda Malindi kwa basi, utaipita Mtwapa, utayapita mashamba ya makonge ya Vipingo, kisha utafika mahali ambapo abiria wote, hata wale waliokuwa wakikoroma tangu Mombasa, hugeuza shingo kutazama nje. Hilo ni daraja la Kilifi. Chini kabisa ni maji ya hori, ya buluu iliyokoza, na mashua zilizotia nanga zinaonekana ndogo kama maganda ya korosho. Kabla ya mwaka wa 1991 daraja hilo halikuwapo. Watu walishuka wakangoja feri, na wakingoja feri walinunua korosho za kukaanga kutoka kwa vijana waliokimbizana na magari. Kisha daraja likajengwa kwa fedha za Wajapani, feri ikaenda zake, na wauza korosho wakatawanyika.

Wajapani hao waliotuachia daraja hawakutuachia bakuli lao. Nalitaja bakuli kwa sababu wanafunzi wa vyuo, ambao wamekua wakitazama katuni za Kijapani, wakija pwani likizoni hupenda kuuliza: je, rameni inapatikana wapi huku? Kwa asiyeijua, rameni ni bakuli kubwa la supu ya moto iliyotiwa tambi ndefu za ngano, na juu yake vipande vya nyama, yai na majani ya kitunguu. Asili yake ni Wachina waliohamia miji ya bandari ya Japani. Mkahawa ulioitwa Rairaiken, uliofunguliwa Tokyo mwaka wa 1910, ndio aghalabu hutajwa kuwa wa kwanza kuifanya chakula cha watu wa kawaida. Leo rameni kwao ni kama chapati na maharagwe kwetu. Mtu hutoka kazini, hupanga foleni mlangoni, hukaa, hula akivuta tambi kwa sauti ambayo bibi yako angekuchapa kofi kwa kuitoa mezani, kisha huondoka kumpisha mwingine.

Wenyewe huigawa supu hiyo mafungu mawili makubwa. La kwanza ni supu nzito, nyeupe kama maziwa, inayopendwa sana katika kisiwa cha Kyushu, kusini. Hiyo hutokana na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa nyingi, nasi tutaiacha huko huko. La pili ni supu ya maji maangavu, yenye chumvi au mchuzi wa soya. Mji wa Hakodate, kaskazini, unasifika kwa ile ya chumvi. Hapo unaziona tambi zimelala chini ya bakuli kama nywele zilizochanwa, na hakuna kinachozificha. Mikahawa yenye sifa ya supu ya namna hii huwa na wafuasi wakali, watu wa kupeleleza, wanaojua ni mpishi yupi amebadilisha chumvi.

Basi jibu langu kwa wanafunzi hao ni kwamba wasihangaike kutafuta rameni Malindi. Tambi ziko tele mjini humo, lakini ni za Kiitaliano. Waitaliano walianza kufika na kuzoeana na wenyeji tangu miaka ya sitini, wakati walipokuwa wakirusha roketi zao baharini kutoka Ngomeni, na hadi leo yako maduka Malindi ambapo mwenyeji atakusalimu kwa Kiitaliano kabla hajaona uso wako vizuri. Na tambi zetu wenyewe Waswahili tumezipika kwa sukari, samli na iliki tangu zamani, hatukufikiria kuzitia kwenye supu. Mchele mmoja mapishi mengi. Lakini kama unachokitafuta ni ile supu yenyewe, supu iliyo wazi, iliyopikwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku ya maisha yake, unayokunywa umesimama bega kwa bega na watu usiowajua, hiyo iko hapa. Ni supu ya pweza.

Twende basi. Tumefika Malindi, jua limekuchwa, na sala ya magharibi imekwisha. Toka kwenye barabara ya hoteli za watalii, shuka upande wa mji wa kale, kule kwenye msikiti wa Juma na yale makaburi ya mnara yaliyotazama bahari kwa karne kadhaa. Vichochoro vya huko havina mabango ya kukuelekeza. Fuata pua. Kwanza utakutana na moshi wa mishkaki, kisha viazi karai na bajia, halafu utasikia harufu ya bahari iliyochanganyika na tangawizi. Hapo utaona jiko la makaa, sufuria kubwa yenye mfuniko, meza ndogo, taa, na duara la wanaume waliosimama bila kusema mengi.

Pwani hii mtu haanzi kwa "nipe". Kwanza mwamkie mpishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka mnyiri au wataka kichwa?"

Hapo ndipo wageni wengi kutoka bara hukwama, wakadhani wanaulizwa fumbo. Mnyiri ni mkono wa pweza, naye anayo minane. Nyama yake ina ukinzani kidogo, ya kutafuna. Kichwa ni laini, na wazee wasio na meno hukitaka hicho. Ukichagua, mpishi atauchomoa mnyiri kutoka kwenye sufuria, ataukata vipande juu ya kibao kwa kisu kilichonolewa hadi kikawa chembamba, atavitia kikombeni na kumimina supu juu yake kwa upawa. Utapewa kijiti cha kuchomea vipande. Mahali pengi unalipia vipande tu, supu ni bakshishi, na ukiimaliza unaweza kuomba kuongezwa bila ya kuonekana mlafi. Uliza bei kabla, maana bei ya pweza hupanda na kushuka kwa hali ya bahari. Na kama unaogopa kikombe kilichosuuzwa kwenye ndoo pamoja na vikombe vya watu ishirini, njoo na chako. Hakuna atakayekucheka. Wenyeji wengi hutuma watoto na birika au chupa ya chai kuja kuchukua ya nyumbani.

Kwa nini wanaume watupu, utauliza. Wewe ni mtu mzima, wajua. Iko imani kutoka Lamu hadi Vanga kwamba supu ya pweza humrudishia mwanamume ujana wake. Sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Nitasema tu kwamba pweza ana protini nyingi, mafuta kidogo na madini ya chuma na shaba, na kwamba mtu yeyote aliyekunywa kitu cha moto chenye tangawizi na pilipili baada ya kutwa nzima ya kazi lazima ajisikie vizuri. Kina mama na watoto nao wana haki ya kujisikia vizuri. Wapeleke, pilipili ya watoto iache mezani.

Sasa kikombe kiko mkononi. Usikamue ndimu kwanza. Usiguse pilipili ya ukwaju iliyo kwenye kopo. Kisogeze kikombe karibu na taa, utazame ndani. Supu ya pweza haiwi nyeupe kama maji ya kisima, kwa sababu ngozi ya pweza hutoa rangi. Itakuwa nyekundu ya kahawia yenye uzambarau kwa mbali, mfano wa chai ya rangi, ile wengine huiita mkandaa na wengine strungi. Lakini kama vile uonavyo chini ya bilauri ya strungi, ndivyo inavyopasa uone chini ya kikombe hiki. Ukiviona vipande vya mnyiri vimelala, na vikombe vyake vidogo vya kunyonyea unaweza kuvihesabu, kunywa. Umefika kwa mpishi. Ukiona ukungu, ukaona chembechembe zinaelea kama maji ya mto baada ya mvua, au supu imeshikamana kama uji kwa sababu mtu ametia unga ili ionekane nzito, lipa kwa adabu, shukuru, na kesho jaribu jiko jingine.

Tofauti baina ya vikombe hivyo viwili ni moto. Pweza, kama nyama yoyote, ana protini zinazotoka na kuganda maji yanapopata joto, zikapanda juu zikawa povu la kijivu. Sufuria ikitokota polepole, mapovu madogo yakipanda moja moja, povu hilo hukusanyika juu na mpishi huliengua kwa upawa. Sufuria ikichemka kwa vishindo, povu hupigwa likarudishwa chini, ngozi hupasuka vipande vidogo vidogo, na kama kuna mafuta nayo huvunjika kuwa matone madogo mno yanayotapakaa katika maji yasitengane nayo tena. Ndivyo yalivyo maziwa, matone ya mafuta ndani ya maji, na ndiyo maana ile supu ya Kyushu niliyoitaja ni nyeupe. Wale huchemsha kwa vishindo kwa makusudi, tena kwa ustadi. Mpishi wa Hakodate na mpishi wa Malindi wanataka kinyume chake, na bila ya kuonana wamefika kwenye njia moja: makaa machache, mfuniko ulioachwa wazi kidogo, na kukaa hapo hapo.

Neno hilo la kukaa hapo hapo ndilo zito. Mtungi wa gesi unaweza kuupunguza ukaenda kuzungumza na jirani. Makaa yanataka mtu. Upepo wa bahari ukivuma yanawaka, ukitulia yanafifia, na sufuria inayotakiwa kutokota kwa saa moja na nusu inaweza kuharibika kwa dakika tano za mpishi kutazama mpira. Ukimchungulia mpishi mzuri utaona mkono wake haupumziki. Anasogeza kaa moja, anarudisha jingine, anaengua, anafunika. Wateja hudhani amekaa tu.

Kuna jambo jingine wanaloshirikiana. Mwaka wa 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitaka kujua kwa nini supu iliyopikwa kwa mwani uitwao kombu ina utamu ambao si wa sukari, wala si chumvi, uchachu au uchungu. Akaupata mwani huo, akauchemsha, akachuja, akatoa chembe za kitu kiitwacho glutameti, na ladha yake akaiita umami. Pweza, samaki wakavu, nyanya zilizoiva na nyama iliyopikwa polepole vyote vina utamu wa jamii hiyo. (Mwani ambao kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, huulima na kuukausha kwa ajili ya kuuza nje ni wa aina nyingine, kwa hivyo usiuchukue ukautia kwenye sufuria ukanilaumu mimi.) Sisi hatukuwa na jina la kitaalamu. Tulisema mchuzi umekolea, na kila mtu akaelewa.

Waswahili wenyewe, nyumbani, hula pweza zaidi kwa nazi. Pweza wa nazi ni chakula cha heshima na sitasema neno baya juu yake. Lakini ukweli ni kwamba tui husitiri. Mpishi akiwa na pweza aliyekaa siku moja zaidi kuliko inavyofaa, tui zito, bizari, ukwaju na pilipili vitamfunika, mgeni atakula na kusifu. Supu haina pazia hilo. Imetiwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, basi. Kama pweza ameanza kuharibika, pua yako itajua kabla ya ulimi: ile harufu kali inayowasha kama choo kisichofagiliwa. Ndiyo sababu namheshimu mtu anayethubutu kuuza supu iliyo wazi chini ya taa, mbele ya watu wanaoonja kila siku. Analazimika kununua vizuri asubuhi.

Na asubuhi ndiko mambo yalikoanza kuwa magumu.

Pweza wa supu yetu hutoka mwambani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na mwamba ukabaki wazi kwa saa kadhaa. Kina mama na vijana hutembea juu yake na fito za chuma, wakitazama mashimo. Wanaume wengine hupiga mbizi kwenye kina. Pweza ni fundi wa kujificha. Hubadilisha rangi na hata umbo la ngozi akafanana na jiwe alilolalia. Wasomaji wetu wadogo watafurahi kusikia kwamba ana mioyo mitatu, na kwamba damu yake ni ya buluu kwa sababu ndani yake mna shaba mahali pa chuma. Lakini mlango wa nyumba yake humsaliti. Huacha maganda ya kaa na chaza aliowala hapo nje, na jicho lililozoea hulitambua jaa hilo kutoka mbali.

Mnyama huyu mwenye akili hivyo haishi sana. Umri wake ni mwaka mmoja na kidogo. Hukua kwa kasi ajabu, na jike hutaga mara moja tu maishani: maelfu kwa maelfu ya mayai yaliyoning'inia ndani ya shimo kama shanga. Huyalinda, huyapulizia maji safi, hali chochote, na yakishaanguliwa yeye hufa. Maana yake kwa mvuvi ni hesabu rahisi. Pweza mdogo wa robo kilo ukimwacha mwezi mmoja au miwili atakuwa mkubwa mara kadhaa. Ukimchukua leo umepata kikombe kimoja cha supu, na mayai yake hayatatagwa. Tanzania sheria inakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo. Sheria kama hiyo ni nyepesi kuandika, ila mama aliyesimama mwambani na maji yanajaa, karo ya shule haijalipwa na mkononi ana pweza wa robo kilo, yeye hana mizani wala ana muda.

Kwa hivyo wengine wamejaribu njia tofauti. Mwaka wa 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, waliufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi saba, pweza asiguswe. Walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliowazoea, na vijiji vya jirani vikaiga. Kisiwa cha Rodrigues, kilicho chini ya Morisi, kilifunga uvuvi wa pweza kwa miezi miwili mwaka wa 2012 na kikaendelea kufanya hivyo miaka iliyofuata. Hapa kwetu, kina mama wavuvi wa kisiwa cha Pate, Lamu, nao wamejaribu kufunga na kufungua. Na ukirudi kwenye ile barabara tuliyoijia, kabla hujafika Kilifi, kuna Kuruwitu, pale Vipingo. Wavuvi wa huko walipoona samaki wanapungua walikubaliana mwaka wa 2005 kuacha kuvua kabisa katika eneo la hekta 30 la bahari yao wenyewe. Hakuna serikali iliyowaamuru. Miaka 12 baadaye, mwaka wa 2017, kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Nikisema "walikubaliana" linasikika jambo la alasiri moja chini ya mwembe. Hebu lifikirie. Mtu anayekula kutokana na alichovua leo anaambiwa eneo alilovua babu yake limefungwa, asubiri, na kule atakakohamia kuna watu wengine tayari. Watakaofaidi ni watoto wake, kama mambo yatakwenda sawa. Wako waliokataa katika kila kijiji kilichojaribu jambo hili, na siwezi kusema walikuwa wajinga. Miezi miwili bila pweza ni miezi miwili ya kukopa unga dukani. Nani anapaswa kuubeba mzigo huo? Mimi naona si haki uwe wa mama wa mwambani peke yake, wakati hoteli inayomnunua pweza, mfanyabiashara anayempeleka nje na wewe na mimi tulioshika vikombe tunaendelea kana kwamba hatuhusiki. Wajapani wenyewe, ambao hupenda pweza kupita kiasi, kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua wengi wao kutoka Moritania na Moroko, kwa sababu wa kwao hawawatoshi. Samaki wa Afrika wana safari ndefu kuliko wavuvi wake.

Kwa hivyo siku utakaposimama mbele ya ile sufuria, baada ya shikamoo na kabla ya kuchagua mnyiri, tazama unene wake. Mnyiri wa pweza mzima huwa mnene penye shina kama kidole gumba cha mwanamume au zaidi. Ukiona minyiri yote ndani ya sufuria ni myembamba kama penseli, hao ni watoto. Muulize mpishi kwa upole, "Leo wakubwa hawakupatikana, mzee?" Hatakasirika, atakuambia bahari ilivyo. Wakati wa kusi, mawimbi yanapokuwa makali kati ya Aprili na Septemba, huenda asiwe na pweza kabisa, na mpishi mwenye msimamo siku hiyo hupika supu ya kichwa cha chewa au ya changu. Kunywa hiyo. Nayo akiipika kwa moto mdogo utaona chini ya kikombe.

Msomaji wa Nairobi, Nakuru au Eldoret usiye na safari ya Malindi karibuni, pweza hufika huko akiwa amegandishwa, katika maduka ya samaki na pale City Market. Kugandishwa hakumdhuru. Kunamlainisha, kazi ambayo huku hufanywa kwa kumpiga pweza juu ya jiwe hadi mkono uchoke. Chukua wa kilo moja au moja na nusu. Mgeuze kichwa, toa matumbo, toa macho na ule mdomo mgumu kama wa kasuku ulio katikati ya minyiri. Msugue kwa chumvi ya mawe hadi utelezi uishe, msuuze mara tatu.

Mweke kwenye sufuria bila maji yoyote, funika, moto mdogo. Usiogope, pweza ana maji yake. Baada ya dakika kumi au kumi na tano utamkuta amejikunja na anaogelea katika maji ya zambarau. Hapo mwongeze maji ya moto, lita mbili kwa pweza wa kilo, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje tano au sita za kitunguu saumu, na pilipili manga nzima nzima. Usitie ya unga, itachafua maji. Engua povu. Usikoroge. Nasema tena kwa ajili ya wale wasioweza kuona sufuria bila kutia mwiko: usikoroge. Baada ya saa moja mchome kijiti penye shina la mnyiri. Kikiingia bila kusukumwa, ameiva. Kikikataa, mwachie nusu saa. Chumvi hutiwa mwisho na baada ya kuonja, kwa sababu pweza alikuwa ameitoa baharini tayari. Chuja supu kwa kitambaa safi cha pamba ukitaka kuwashangaza wageni. Ndimu hukamuliwa kikombeni tu, kwa sababu ikichemka ndani ya sufuria huleta uchungu.

Na nyinyi wanafunzi wa bweni mlionifikisha hapa, mnazo tambi chini ya kitanda. Aliyezianzisha hizo za pakiti ni Momofuku Ando, mwaka wa 1958, na alizikusudia ziwe rameni ya mtu asiye na wakati. Zichemsheni mbali, katika maji mengine, kisha mmwage maji hayo, kwa sababu wanga wa tambi ndio utakaowatilia ukungu. Zipangeni bakulini, mimineni supu ya pweza ya moto juu yake, vipande vya mnyiri pembeni, yai lililochemshwa likatwe kati, majani ya kitunguu na dania. Ile pakiti ndogo ya unga wa ladha iacheni kando, au mumpe jirani wa chumba cha pili anayepika ugali kwa sukuma wiki.